Unga Chini ya Nguzo

Kisarawe, 11 Januari 1943

Kwa mdogo wangu Zahoro bin Maneno, Dutumi.

Salamu zikufikie wewe, wifi yangu Biubwa na watoto wote. Sisi wa huku tunaamka, mimi na mama na Zena. Mguu wa mama ndio haujampa nafasi, lakini mdomo wake mzima na anakusalimu.

Vuli haikunyesha. Tumeingia Januari na ardhi imekauka kabisa, na kila anayetoka Dar es Salaam anakuja na habari yake: mafuta ya taa yatakwisha, vibiriti vitakwisha, meli hazifiki kwa ajili ya vita. Mimi sikai kungoja niambiwe mara mbili. Nimenunua chumvi, nimenunua sabuni mche mzima, na vibiriti nimevifunga kwenye ngozi ya mbuzi visipate unyevu. Baba Zena yuko kwenye shamba la mkonge kule Kibaha na mshahara wake wote nimeugeuza vitu. Amenung'unika kidogo tu.

Sasa, nyumba hii uliijenga wewe, kwa hiyo malalamiko yake yote nayaleta kwako. Mlango wa nyuma unakwama. Nimeuchonga ubavuni kwa tezo la baba mara mbili, ukakubali siku tatu, halafu ukakwama tena. Paa la upande wa jikoni limebonyea kidogo, nimeagiza makuti sitini niongeze juu. Ukuta umepasuka pale unapokutana na mhimili wa kati, nimekandika udongo mpya, na ufa umerudi palepale.

La mwisho ni panya. Kila asubuhi nikifagia nakuta unga mweupe chini ya mhimili, unajaa kiganja. Usiku nasikia wanatafuna. Nimeazima paka kwa jirani yangu Sikuzani, na huyo paka anakaa anautazama mhimili tangu magharibi mpaka alfajiri, hajakamata hata mkia. Ningesema ni bungua, lakini nguzo zote za nyumba hii ulizikata mwezi giza kama alivyotufundisha baba, na mti wa mwezi giza hauliwi na mdudu. Kwa hiyo ni panya.

Ukipata nafasi uje uukague mlango.

Dada yako,
Mwanakheri binti Maneno


Dutumi, 24 Januari 1943

Kwa dada yangu Mwanakheri, shikamoo. Na mama shikamoo yake umfikishie mkononi, umbusu kwa niaba yangu.

Barua yako ameileta Salumu muuza mikeka. Amekaa nayo siku sita kwa sababu alishuka Ruvu akaumwa tumbo. Biubwa amejifungua mtoto wa kiume tarehe tisa. Tumemwita Mashaka, maana amekuja mwaka ambao jina jingine lisingemfaa. Mama yake hajambo, ila maziwa ni machache. Huku tunachimba ndiga porini, vile viazi mwitu vyenye sumu. Usicheke. Unamenya, unakata vipande, unaloweka mtoni siku tatu, unamwaga maji, unaloweka tena, na bado ukila lazima umtazame mwenzako kwanza kama amesimama. Nimekuwa fundi wa ndiga sasa.

Kuja siwezi. Tunajenga banda la mizigo kwenye stesheni na nyapara ametuandika majina, anayekosa siku mbili anatafutiwa mwingine.

Habari ya mlango nimeisikia. Usiuchonge tena, utaumaliza. Makuti nayo usiongeze, acha paa lilivyo mpaka nije. Na huyo paka mrudishe kwa mwenyewe.

Dada, nijibu haya kwa urefu. Huo unga ni laini kama poda, au una punjepunje? Unatoka chini ya mhimili au unadondoka kutoka juu? Na dari ina nini? Hili la dari ndilo kubwa. Baba alikuwa akiweka mavuno pale juu ya jiko ili moshi uyahifadhi, nami najua wewe ni mtu wa akiba. Niambie umeweka nini darini, na ni kiasi gani, usinifiche. Nina sababu ya kuuliza.

Mdogo wako,
Zahoro bin Maneno


Kisarawe, 2 Februari 1943

Baba Zena,

Nakuandikia baada ya kupata barua ya Zahoro. Nimeisoma mara tatu. Nilimwuliza mlango, amenijibu mlango mistari miwili. Dari sikumwuliza, amenijaza nayo nusu ukurasa. Dari ina nini, ni kiasi gani, usinifiche. Na kabla ya hapo amenieleza habari za ndiga na maziwa ya mke wake. Mimi si mtoto, najua mtu mwenye njaa anavyozunguka kabla hajafika mlangoni.

Usiniambie sina huruma. Huyu ndugu yangu nimembeba mgongoni. Lakini ana watoto watano, na mama mkwe, na mama mkwe naye ana wajukuu wengine, na akija mmoja wamekuja wote. Wewe hukuwapo njaa ile ya baada ya vita ya Wajerumani. Nilikuwa na miaka minane. Mama alikuwa na dari imejaa mtama, akaja dada yake, akaja binamu yake, wakaja watu ambao hata majina yao hatukuyajua, naye akawa anapima kibaba kimoja kimoja na kucheka nao. Baada ya mwezi hatukuwa na kitu. Mwezi uliofuata alikufa Abdala, mdogo wetu aliyemfuata Zahoro. Zahoro hakumbuki. Mimi nilimshika miguu wakati wanamwosha.

Kwa hiyo nimeapa. Tuna magunia saba darini: mahindi matatu, makopa mawili, mtama moja na mpunga moja. Nayapandisha debe moja moja Sikuzani akiwa kisimani, halafu nayashona nikiwa juu kulekule. Hata mama hajui. Nimemwambia yale ni makuti makavu. Akijua, kesho yake wilaya nzima itajua, naye atakuwa wa kwanza kupima.

Ukipata ruhusa uje na chumvi zaidi, na mafuta ya taa hata chupa moja. Barua zangu zichome ukishasoma.

Mkeo,
Mwanakheri


Kisarawe, 5 Februari 1943

Kwa mdogo wangu Zahoro,

Hongera ya mtoto. Mungu amkuze. Mama amefurahi mpaka ameomba kutembea uani.

Umeniuliza unga. Ni laini kama poda, na unatoka katikati ya mhimili, pale penye vitundu vidogo. Nimevikandika vyote kwa udongo na majivu, sasa huoni kitu.

Umeniuliza dari. Dari ni tupu, mdogo wangu. Kuna ungo wa mama, mikeka miwili iliyochakaa na kapu la vyombo vya baba. Tulichokuwa nacho tumekila, tunaishi na muhogo wa shambani kama watu wengine. Nakuletea kwa mkono wa Salumu vibaba vitatu vya makopa, ndivyo nilivyoweza. Umpikie Biubwa uji.

Dada yako,
Mwanakheri


Dutumi, 19 Februari 1943

Dada yangu, shikamoo.

Makopa yamefika. Biubwa alipoyafungua alilia, nami nikatoka nje nikajifanya natengeneza mpini wa jembe. Ahsante dada. Najua umejinyima.

Habari ya dari kuwa tupu imenipa usingizi. Ni kitu kibaya kumshukuru Mungu kwa sababu dada yako hana akiba, lakini nimemshukuru. Iache hivyohivyo mpaka masika yapite nije mwenyewe. Usiweke kitu, hata chungu. Nyumba isiyo na mzigo inaweza kusimama muda mrefu.

Ila fanya jambo moja kwa ajili yangu. Chukua shoka la baba, uligeuze, ugonge mhimili kwa kisigino chake. Gonga usawa wa goti, kisha usawa wa kifua, kisha juu kadiri unavyofika. Usigonge kwa nguvu, gonga kama unabisha hodi nyumba ya watu. Mti mzima unalia kama jiwe. Ukisikia mlio mwingine wowote niandikie siku hiyohiyo, na nyapara atafute mtu mwingine.

Tena udongo ule uliokandika kwenye vitundu ubandue. Nataka kuona unga unaotoka kila siku, kama unapungua au unazidi.

Mdogo wako,
Zahoro


Kisarawe, 12 Machi 1943

Baba Zena,

Chumvi na mafuta vimefika, umefanya vizuri. Nami sikukaa. Mpemba mmoja aliyekuwa akihamia kwa nduguze alitaka kuuza nafaka yake haraka, nikamfuata kabla ya wengine. Sasa tuna magunia kumi na moja. Mahindi matano, makopa matatu, mtama mawili na mpunga moja. Sasa vita viendelee na mvua ikatae, mwanangu atakula mpaka mwakani.

Makuti nimeyaongeza, yote sitini, maana mawingu yameanza kukaa upande wa Kazimzumbwi na paa lilikuwa limebonyea zaidi. Mlango wa nyuma haufunguki tena. Nimeupigilia misumari, tunatumia wa mbele.

Kuna jambo nakwambia wewe tu. Zahoro aliniagiza nigonge mhimili. Niligonga. Usawa wa goti ulilia kama jiwe. Usawa wa kifua ulilia kama mtungi. Niligonga tena, ukalia vilevile, na mavumbi yakanidondokea mkononi. Mama alikuwa amelala akaniambia, "Baba yenu alikuwa akigonga anasikiliza. Wewe unagonga tu." Nikamwambia nimesikia.

Nimekaa na jambo hili siku nne. Nikimwandikia Zahoro kweli, atakuja. Akija, kitu cha kwanza atapanda darini. Ataona magunia kumi na moja mimi niliyempelekea vibaba vitatu na kusema tumekula yote. Sina uso wa kumwonyesha. Na akiyaona, nitamwambiaje asiwalete watoto? Mhimili umesimama miaka minane, utasimama miezi mitatu mingine. Mavuno yakija tutapunguza mzigo, naye atakuja atengeneze akute dari tupu kweli.

Kesho nitamwandikia kwamba kote kunalia kama jiwe. Usinigombeze.

Mkeo,
Mwanakheri


Kisarawe, 13 Machi 1943

Kwa mdogo wangu Zahoro,

Nimegonga kama ulivyoagiza, goti na kifua na juu. Kote kunalia kama jiwe. Unga umepungua. Ondoa wasiwasi, fanya kazi yako.

Mama anakusalimu. Baridi ya mawingu imemwingia mguuni, amehamisha kitanda chake akakiweka jikoni, kichwa kwenye mhimili, apate joto la moto. Anasema anasikia mti unazungumza. Umri umekwenda.

Dada yako,
Mwanakheri


Dutumi, 27 Machi 1943

Kwa shemeji yangu Kitwana, shamba la mkonge, Kibaha.

Shemeji, salamu sana. Hatuandikiani, mimi na wewe, kwa hiyo ukiiona barua hii utajua kuna jambo. Nakuomba uisome peke yako.

Mwaka ule unaoa, baba alikuwa kitandani. Unakumbuka. Alitaka aione nyumba ya binti yake imesimama kabla hajafa, na kila asubuhi alikuwa akiniuliza nimefikia wapi. Nguzo nyingine zote nilikuwa nimeshazikata, kavu, nzuri. Uliobaki ni mhimili wa kati. Niliuona mti msituni, umenyooka, sijapata kuona mti ulionyooka vile, lakini ilikuwa tarehe kumi na tatu ya mwezi wa Kiislamu, na mwezi unakaribia kujaa. Baba asingekata hata fito siku ile. Mti ukikatwa na mwezi umejaa maji yote yako ndani, na mdudu anaingia naye anazaa humo. Nilitakiwa kungoja siku kumi na tano. Niliona baba hana siku kumi na tano. Nikakata.

Nilipoufikisha aliniuliza, "Mwezi ulikuwa giza?" Nikamjibu ndiyo. Akafurahi. Alikaa wiki tatu zaidi, kwa hiyo ningengoja angekuwapo. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Sijamwambia mtu, wala mke wangu.

Sasa dada ananiandikia unga, mlango unakwama, ukuta unapasuka. Huo si panya. Mhimili unaliwa ndani, mlango unakwama kwa sababu nyumba inashuka. Amegonga, anasema unalia kama jiwe. Labda hajui kusikiliza. Na sasa mama analaza kichwa palepale.

Dari ni tupu, alhamdulillahi, dada ameniandikia kwa mkono wake. Isingekuwa hivyo ningeshatembea kwa miguu kuja. Lakini masika yanaingia, na makuti yakilowa ni mzigo. Nakuomba uende hata siku moja, usimamishe nguzo ya pili kando ya ule mhimili, uikaze chini ya boriti ya mtambaapanya, na kitanda cha mama ukihamishe. Tafuta sababu yoyote. Dada usimwambie habari ya mwezi. Nitamwambia mwenyewe nikija.

Shemeji yako,
Zahoro bin Maneno


Kibaha, 2 Aprili 1943

Mama Zena,

Nimepata barua ya Zahoro leo. Mhimili wetu ulikatwa mwezi ukiwa unakaribia kujaa. Amenikiri. Ndani ni unga mtupu.

Hakuwa akiuliza dari kwa sababu ya njaa. Alikuwa akiuliza uzito.

Magunia teremsha yote. Usingoje nije. Yaweke chumba cha mbele, yaweke uani, mpe Sikuzani, yatupe ukitaka. Mama mtoe jikoni leo hiihii. Zena asiingie huko.

Nimeomba ruhusa, nimepewa kuanzia Jumamosi tarehe kumi. Barua hii anayo Salumu, amepanda treni ya leo, nimemwambia asikae nayo. Itakufikia Jumatatu.

Mumeo,
Kitwana


Kisarawe, 15 Aprili 1943

Kwa mdogo wangu Zahoro,

Habari umeshaipata kwa simu ya stesheni, na nimeambiwa ulianza safari kwa miguu ukakuta mto umejaa. Barua hii itakufikia ungali upande huo. Nakuandikia kwa sababu Baba Zena amenipa barua yako niisome, ile ya mti na mwezi wa tarehe kumi na tatu, na nimeona si haki mimi nijue lako wewe usijue langu.

Barua ya Baba Zena ilifika Jumatatu adhuhuri, kama alivyosema. Salumu hakukaa nayo. Usije ukafikiri ilichelewa. Niliisoma nimesimama mlangoni na niliamini kila neno, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimegonga na nilisikia. Ulilia kama mtungi, Zahoro. Nilikuandikia jiwe.

Nikatazama juu, kisha nikatazama uani. Sikuzani alikuwa uani na wakwe zake wanne wamekaa wanamenya ndiga, miguu imewavimba. Magunia yale niliyapandisha debe moja moja kwa miezi miwili. Kuyateremsha yote mchana mmoja ni kuyapitisha mbele ya macho yao. Nikajiambia, nitangoja Ijumaa. Ijumaa wanaume wako msikitini, wanawake wanakwenda mtoni kuloweka. Nitapata saa mbili, nitayafukia nyuma ya choo. Siku nne tu. Nyumba iliyosimama miaka minane.

Mama nilimwambia ahamie chumba cha mbele. Akasema chumba cha mbele kuna baridi na pale jikoni anastarehe. Nikamwambia tena, akaniuliza kwa nini. Ningemjibu kwa nini, ningetaja magunia. Nikamwacha.

Mvua ilianza Jumatano jioni. Ilinyesha usiku kucha, mvua tuliyoiomba tangu Oktoba. Alhamisi alfajiri nilitoka kuchota maji ya udhu, Zena akanifuata kwa sababu alibanwa na mkojo. Tulikuwa mlango wa mbele tuliposikia. Haukuwa mlio mkubwa. Mhimili ulikatika usawa wa kifua, pale palipokuwa na udongo wangu.

Watu walikuja kabla sijapiga kelele. Sikuzani ndiye aliyetangulia, na mumewe, na wale wakwe zake wenye miguu iliyovimba. Waliondoa makuti, wakaondoa boriti, wakafika kwenye magunia. Walikuwa wakiyanyanyua watu wawiliwawili na kuhesabu kwa sauti, kama watu wanavyofanya wakibeba kitu kizito. Moja. Mbili. Sikuzani aliposhika la nne alinitazama usoni. Akalitua pembeni akarudi kushika la tano. Walihesabu mpaka kumi na moja, halafu wakamfikia mama.

Hakuna aliyechukua hata punje. Nilitamani wachukue. Tumempumzisha Alhamisi hiyohiyo baada ya alasiri, kando ya baba. Baba Zena alifika Jumamosi na nguzo mbili begani, alizozikata kule Kibaha.

Magunia matatu yamepikwa kwenye matanga. Wamekuja watu ambao majina yao siyajui, wakala, wakamsifu mama kwa ukarimu wake, nami nilikuwa nawapakulia.

Uliniuliza dari ina nini. Uliniuliza kama fundi, nami nikakujibu kama mtu anayefukuza ombaomba. Jibu lako ni hili: mahindi magunia matano, makopa matatu, mtama mawili na mpunga moja.

Nimekukasirikia. Ningekudanganya nikisema sikukasirika. Ulimdanganya baba, na mti wako ukabeba paa juu ya kichwa cha mama miaka minane. Lakini kila nikianza kukulaumu nafika kwenye ule mtungi, na Jumatatu, na Sikuzani akinitazama. Sijui hasira hii niipeleke wapi. Nimeamua tutaigawana, kwa sababu peke yangu siiwezi.

Mto ukipungua njoo. Mlete Biubwa, walete watoto wote, na mama mkwe wako na wajukuu wake. Chakula kipo na sasa kila mtu anajua kipo. Tunalala kwa Sikuzani mpaka tujenge. Mpunga nimemwekea Biubwa, maziwa yarudi.

Uje na shoka lako. La baba limevunjika mpini. Mwezi utajaa tarehe ishirini, kisha utapungua, na mwanzoni mwa mwezi wa tano utakuwa giza. Tutangoja mpaka hapo, hata kama mvua itatukuta nje. Siku ya kukata nitakwenda nawe msituni, na kabla hujainua shoka nitatazama juu kwa macho yangu mwenyewe.

Dada yako,
Mwanakheri binti Maneno